Chazo Bila Mshipi

Zamani, mvuvi wa Kibajuni aliyetaka kasa alikwenda baharini na samaki. Alimchukua chazo, yule samaki mwembamba mwenye kigandisho juu ya kichwa, ambaye huishi kwa kung'ang'ania tumbo la papa au gamba la kasa. Alimfunga mshipi mkiani, akamweka hai ndani ya maji chomboni, akatweka tanga. Kasa akizuka kupumua, chazo hutupwa upande ule, naye hufanya jambo moja tu analolijua: hujigandisha. Aliyebaki chomboni huvuta polepole, kwa mkono unaotambua uzito wa kasa na uzito wa mwamba. Frederic Holmwood, ofisa wa ubalozi wa Uingereza Zanzibar, aliandika juu ya uvuvi huu mwaka 1884 kwa ajili ya wataalamu wa wanyama wa London. Mwitaliano Vinigi Grottanelli, aliyechapisha kitabu kizima kuhusu wavuvi wa Kibajuni mwaka 1955, naye aliuona ni kitu cha kuandikwa.

Leo kasa ana ulinzi wa sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 na wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo simwambii mtu akavue. Nimemkumbuka chazo kwa sababu ya kijana mmoja wa Ras Kamboni aliyetaka kumfanyia utafiti wa shahada ya uzamili, na kwa sababu ya chuo kilichomdahili.

Kijana nimemtunga, na chuo nimekitunga, ili asiwepo mkuu wa idara atakayenipigia simu usiku. Lakini aliyewahi kukaa katika kikao cha kuandaa mtaala mpya, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam na Kampala, atavitambua viti, chupa za chai, na hata mandazi.

Shahada yenyewe ilizaliwa katika ofisi ya mhasibu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipowafungulia mlango wanafunzi wa kujilipia mwaka 1998, vyuo vingine vya umma vya Kenya vilifuata, na fedha zile zikajenga majengo, zikalipa posho, zikazoeleka kama mshahara. Kisha mtihani wa KCSE wa 2016 ukasimamiwa kwa mkono mzito. Waliopata C+ na kuendelea, yaani alama ya kuingilia chuo kikuu, wakashuka hadi chini ya 90,000, ilhali mwaka uliotangulia walizidi 160,000. Serikali ikawachukua takriban wote kwa ufadhili wake, na wa kujilipia wakayeyuka kama barafu ya mchuuzi wa samaki. Chuo chetu cha hadithi kikainua macho, kikaona uzamili. Mwanafunzi wa uzamili hana haja ya bweni. Huja jioni akitoka kazini, na hulipa mwenyewe. Naibu makamu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma akaandika barua: kila kitivo kilete shahada mpya mbili za uzamili kabla ya muhula kwisha, na zitakazounganisha idara zitatangulizwa.

Idara nne zikaitikia kwa pamoja: Sayansi ya Bahari, Sheria, Jiografia na Kiswahili. Zingeandaa shahada ya pwani ya kaskazini, kutoka Lamu hadi Kismayo. Na wazo, kwa haki yake, lilikuwa zuri.

Uzuri wake unaonekana mtu akitandaza ramani. Ras Kamboni iko mwisho kabisa wa Somalia upande wa kusini. Waitaliano, waliokabidhiwa Jubaland na Waingereza mwaka 1925, waliiandika Chiamboni. Ukivuka mpaka uko upande wa Kiunga, Lamu. Ukielekea kaskazini, visiwa vya Wabajuni vimejipanga kama shanga hadi karibu na Kismayo, Chovai na Chula na Koyama vikiwa miongoni mwao. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, ilitoa hukumu ya kesi ambayo Somalia iliifungua dhidi ya Kenya mwaka 2014 juu ya mpaka wa baharini. Kenya ilitaka mstari unyooke kwenda mashariki, sambamba na latitudo. Somalia ilitaka mstari wa katikati. Mahakama ilikataa hoja kwamba Somalia ilikwisha kuridhia kwa kunyamaza, ikachora mstari wa katikati na kuusogeza kidogo kaskazini. Mstari ule ulihesabiwa kuanzia kigingi cha mpaka nambari 29, mahali panapoitwa Dar es Salaam, wala si ile ya Mzizima. Na katika mikataba ya wakoloni, hapo hapo, kuna visiwa vidogo viitwavyo Diua Damasciaca, jina lililovishwa tahajia ya Kiitaliano hata mwenyeji hulisoma mara mbili kabla masikio yake hayajalipokea.

Mwanasheria hawezi kesi hiyo peke yake. Humhitaji mtu wa ramani, mtu wa mikondo na miamba, na mtu wa kumwambia wavuvi hukiitaje kile kisiwa na tangu lini.

Hitaji la pili lilikuwa zito zaidi, na kamati haikuligusa. Wabajuni waliokimbia vita baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991 walifika Mombasa kwa majahazi na mashua, wakakaa katika kambi kama ile ya Jomvu hadi ilipofungwa mwaka 1997. Baadhi walirudishwa visiwani. Wengine walifika hadi Uingereza kuomba hifadhi, na huko wakakutana na mtihani ambao hakuna shule iliyowaandalia: thibitisha kwamba wewe ni Mbajuni. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi wa mwongozo kuhusu Wabajuni, na uwezo wa kusema Kibajuni ukawa miongoni mwa mambo yaliyopimwa. Kinywa cha mtu kikawa pasipoti yake. Kulihitajika watu wanaokijua Kibajuni kwa undani, wa kusikiliza kanda na kusema huyu ametoka Chula, au huyu amekulia Mombasa na hilo halimfanyi mwongo. Mmoja wa wataalamu wachache wenye jina alikuwa Derek Nurse, aliyewahi kufundisha Dar es Salaam na Nairobi, lakini wakati huo alikuwa katika chuo cha Newfoundland, Kanada, mahali ambapo bahari huganda. Lahaja ya Chula ilikuwa na mjuzi wake penye barafu, na huku pwani hapakuwa na darasa la kuzalisha wa pili wake.

Kamati ilipofanya tathmini ya mahitaji, kama mdhibiti wa vyuo vikuu anavyotaka, ilifanya nini? Iligawa hojaji kwa wanafunzi wa mwaka wa nne waliokuwa kituoni wakingoja basi. Je, ungependa kusoma shahada ya uzamili ya pwani? Karibu wote walijibu ndiyo. Basi lilikuwa limechelewa na karatasi ilikuwa fupi.

Vikao vitatu vya mwanzo vilikwisha kwenye jina. Sheria ilitaka neno "utawala" liwemo. Sayansi ya Bahari ilisema pasipo "sayansi" wafadhili hawatatazama. Jiografia ilitaka "mazingira", Kiswahili kikataka "utamaduni". Mwishowe shahada ikapewa jina refu kama treni ya mizigo, kila behewa na mwenyewe. Nimewahi kufikiri kwamba urefu wa jina la shahada ni kipimo kizuri cha idadi ya watu waliokataa kushindwa.

Kisha likaja suala la kozi. Kozi zilikuwa kumi na mbili, nazo ziligawanywa tatu tatu, kama wanavyogawana samaki wavuvi waliokutana chombo kimoja. Hakuna idara iliyoandika kozi mpya. Sheria ilileta sheria ya bahari iliyokuwa imelala tangu mwalimu wake astaafu. Jiografia ilileta mbinu za takwimu, Kiswahili kikaleta isimujamii, Sayansi ya Bahari ikaleta ikolojia ya matumbawe. Kila moja peke yake ilikuwa nzuri. Lakini mtaala mzima haukuwa na saa hata moja ambayo mwanasheria na mwanaisimu wangesimama mbele ya darasa moja kuzungumza juu ya kisiwa kimoja. Kuunganishwa kuliachiwa mwanafunzi afanye mwenyewe, usiku, kichwani mwake. Na kwa kuwa maelezo ya kozi moja yalichukuliwa kutoka chuo cha nchi ya baridi, wiki ya sita ya mtaala wa pwani ya Wabajuni ilikuwa juu ya uzazi wa samaki aina ya salmoni. Aliyeliona jambo hilo ni karani wa seneti, si maprofesa.

Kilichojadiliwa kwa kina, hadi usiku, ni ada. Mwanafunzi atasajiliwa wapi? Kwa maana anaposajiliwa ndipo fedha inapoingia, na inapoingia ndipo inapokaa. Ikakubaliwa asajiliwe Jiografia, kwa sababu Jiografia ilikuwa na chumba. Fedha zingegawanywa kwa fomyula ya asilimia iliyochukua ukurasa na nusu. Mratibu wa shahada angeteuliwa kwa zamu ya mwaka mmoja mmoja kutoka kila idara. Hakuwa na fungu la fedha, wala kiti katika bodi ya kitivo, wala saa zilizopunguzwa za kufundisha.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, mwanamke aliyesimamia tasnifu nyingi kuliko wenzake wote mezani, aliuliza swali katika kikao cha nne. Mwanafunzi wa kwanza akija, alisema, tuseme ametoka huko huko visiwani na ana mada inayopita katika idara zote nne, nani atamsimamia? Tumtaje hapa kwa jina. Mwenyekiti alimshukuru. Swali liliandikwa katika kumbukumbu chini ya kichwa "Mengineyo", nalo likaahirishwa hadi kikao kijacho, ambacho ajenda yake ilikuwa hafla ya uzinduzi.

Naomba niiache kamati kidogo, kwa maana msomaji anaweza kudhani kwamba idara haziwezi kuungana kabisa. Zinaweza, ila hazikimbii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa tangu 1970 na nyumba mbili za Kiswahili: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, yenye mizizi katika kamati ya lugha ya 1930, na Idara ya Kiswahili. Moja ilitunga kamusi, nyingine ilifundisha. Watu wao walijuana, walisomana, walikutana katika makongamano yale yale. Hata hivyo kuziweka chini ya paa moja la Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, kulingoja hadi 2009. Miaka 39, kwa watu wanaosema lugha moja na wanaoisomea lugha hiyo hiyo! Chuo hicho hicho kilipotaka kuichukulia bahari kwa uzito, mwaka 1978, kilianzisha taasisi nzima ya sayansi za bahari huko Zanzibar, maji yakiwa mlangoni. Mtu akiniambia ameunganisha idara nne kwa muhula mmoja, humwuliza ameunganisha nini.

Seneti ya chuo chetu ilipitisha shahada. Bango likachapishwa, lenye picha ya jahazi wakati wa machweo. Tangazo likatoka gazetini kabla ithibati ya mdhibiti haijapatikana, kwa hoja kwamba maombi yamekwisha kupelekwa na jibu linakuja.

Kijana wetu aliliona tangazo hilo kwenye simu akiwa Lamu. Baba yake alikuwa amerudi Ras Kamboni baada ya miaka ya ukimbizi, akivua kamba na pweza na kuvuka hadi Kiunga kuuza. Mwana alibaki kwa shangazi, akasoma shule upande wa Kenya, akapata shahada ya kwanza kwa michango ya ukoo. Upande wa Somalia nako vyuo vilikuwa vingi, tena vipya. Chuo Kikuu cha Taifa kilisimama kwa vita vya 1991 na hakikufunguliwa tena hadi 2014, na katika pengo hilo vya binafsi vilichipuka. Taasisi ya utafiti ya Heritage ya Mogadishu ilipochunguza mwaka 2013 taasisi 44 za elimu ya juu, iliona kwamba nyingi zilianzishwa baada ya 2004. Lakini jina la shahada, lile refu, lilikuwa limewataja Wabajuni. Kijana hakuwahi kuona chuo chochote kikiwataja Wabajuni. Shangazi akauza kidani.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri kiasi. Alisoma matumbawe asubuhi na mikataba jioni. Alipata alama za juu katika kozi tisa. Tatu zilizosalia hazikuonekana kwenye mfumo, kwa sababu mfumo wa kompyuta ulimtambua kama mwanafunzi wa Jiografia na kozi zile zilikuwa na namba za Sheria. Karani wa Jiografia alimpeleka kwa karani wa Sheria. Karani wa Sheria alisema mwanafunzi wa Sheria hana jina hilo. Kutafuta alama zilizopotea ni kozi isiyoandikwa katika mtaala wowote, lakini ukiwauliza waliosoma vyuo vya Kenya watakwambia hiyo ndiyo ngumu kuliko zote.

Halafu akaleta mada. Alitaka kuandika juu ya chazo: jinsi wazee wa visiwani walivyomvua, walivyomtunza, maneno waliyoyatumia, miamba waliyoilinda kwa ajili yake, na nini kilibaki cha ujuzi huo sasa kasa alipowekewa sheria na visiwa vilipokimbiwa. Ukitaka mada iliyoumbwa kwa ajili ya shahada ile, hutapata nyingine. Hata waliotunga mtaala kwa mkasi na gundi wangeweza kujivunia kwamba, kwa bahati, walikuwa wamejenga nyumba yenye mpangaji wake.

Sayansi ya Bahari ikasoma pendekezo, ikasema hii ni ethnografia, apelekwe Kiswahili. Mkuu wa Kiswahili akasema samaki si methali, arudishwe Bahari. Sheria iliandika kwa kalamu nyekundu kwamba mbinu inayochunguzwa ni kosa la jinai, na chuo hakiwezi kuonekana kinaipigia debe. Jiografia, alikosajiliwa, iliuliza ramani iko wapi. Alipotetea pendekezo lake, watahini wanne walikaa meza moja na kila mmoja alifungua sura yake. Hakuna aliyezisoma zote.

Yule mwalimu wa Kiswahili, wa "Mengineyo", alisema atamchukua. Aliambiwa msimamizi wa kwanza lazima atoke katika idara ya usajili. Tena alikuwa na wanafunzi wengi tayari, na hapo chuo, kwa mara ya kwanza, kilikumbuka kanuni. Haikuwa kanuni ya bure. Juni 2019 Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kilitunuku shahada za uzamivu 118 katika mahafali moja, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaingia kuchunguza zilivyosimamiwa. Tangu siku ile kila ofisi ya masomo ya uzamili huhesabu wasimamizi kama mpishi anavyohesabu vijiko baada ya harusi. Kijana akapewa msimamizi wa Jiografia, mtu mwema, mtaalamu wa barabara za mijini. Msimamizi wa pili akawa wa Sheria. Huyo akaenda likizo ya masomo.

Mtaala ulisema muhula wa nne ni wa nyanjani, na mahali palitajwa: Ras Kamboni na visiwa vya jirani. Palitajwa kama mtu anavyosema Malindi. Kenya ilikuwa imefunga mpaka wake na Somalia tangu 2011, majeshi yake yalipoingia Jubaland. Mei 2023 serikali mbili zilitangaza kwamba utafunguliwa kwa awamu, na Julai mwaka huo huo, baada ya mashambulizi, mpango ukasimamishwa. Kibali cha utafiti kinachotolewa Nairobi hakina nguvu hata hatua moja ng'ambo ya kigingi 29. Nani angelipa bima? Fomyula ya ukurasa na nusu ilinyamaza. Kijana alisema ataenda mwenyewe, ni kwao, hahitaji bima ya kwenda kwa baba yake. Kamati ya maadili ikamwambia asubiri barua. Tarehe 11 Desemba 2024, naye bado anasubiri barua, askari wa serikali ya Mogadishu na wa utawala wa Jubaland walipigana Ras Kamboni kwenyewe, na baadhi ya walioshindwa wakakimbilia Kenya. Wiki ile hakuuliza tena habari ya barua. Aliuliza habari za baba yake.

Mdhibiti alikuja baadaye kidogo. Naye, kama wenzake wa nchi jirani, alikuwa amekwisha kuzoea mambo haya. Tanzania, mwaka 2017, Tume ya Vyuo Vikuu ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na vingine 22 ikavizuia kudahili katika kozi 75. Kenya, mwaka 2019, Tume ilitangaza kwamba kozi zaidi ya 100 za shahada zilikuwa zikifundishwa bila idhini yake. Uganda, mwaka 2023, wazazi na wahitimu waligundua kwamba ithibati za kozi nyingi, hata za Makerere, zilikuwa zimepitwa na tarehe, wakaanza kuulizana vyeti vyao vina uzito gani. Kwa chuo chetu wakaguzi waliuliza mambo matatu tu. Ni walimu gani wa kudumu wa shahada hii? Kila idara ilijibu kwamba ni wa idara nyingine. Maabara iko wapi? Wakaonyeshwa chumba cha Jiografia. Wanafunzi wangapi wamemaliza?

Udahili ukasimamishwa. Bango la jahazi likaondolewa langoni, ingawa kivuli chake cha mraba kilibaki ukutani ambapo jua halikufika. Waliokuwa ndani waliambiwa wanaweza kuhamia shahada za kawaida za idara yoyote kati ya nne, kwa masharti ya kurudia kozi ambazo idara hiyo haizitambui. Kijana alipiga hesabu ya ada, akapiga hesabu ya kidani, akapanda basi la Lamu.

Kutoka Lamu alipanda mashua hadi Kiunga. Baba yake alikuwa amevuka siku tatu kabla, akimngoja chini ya mti wa mkungu, anashona wavu. Walisalimiana, wakaulizana habari za shangazi, habari za nyumbani, nani yuko hai na nani amehama. Mzee alikuwa amemwona chazo akifanya kazi mara moja tu, akiwa mtoto, katika chombo cha babu yake, na alikuwa akimsubiri mwanawe amwambie yaliyoandikwa.

"Haya, mwanangu," alisema. "Wamesemaje huko juu ya chazo?"

Kijana alimsimulia. Alianza na matumbawe, akaja kwenye mikataba, akaeleza idara nne na namba za kozi na barua ya maadili. Mzee hakumkatiza. Sindano ya mbao iliendelea kuingia na kutoka katika macho ya wavu.

"Na mshipi," aliuliza alipomaliza, "ulikuwa mkononi mwa nani?"

"Mshipi upi, baba?"

"Chazo akitupwa, lazima kuna aliyebaki chomboni ameushika. Wenu alikuwa nani?"

Kijana akaanza kuhesabu kwa vidole. Wa Sheria alikuwa likizo. Wa Jiografia alishika ramani. Wa Bahari alisema si wake. "Mratibu," alisema kwenye kidole cha nne, kisha akakumbuka kwamba zamu ya mratibu ilikwisha mwezi wa nane na mwingine hakuteuliwa. Kidole kikabaki hewani. Mzee alikitazama kidogo, akamkabidhi mwanawe ncha ya wavu aikaze, naye akarudi kwenye sindano yake.